Kichupa cha Kirumi cha euro 28, na siku nzima mbele ya tanuri

Mimi ni mfamasia, mwaka wa 22 sasa. Nimeshika vichupa vingi kuliko vijiko, na nina ugonjwa mmoja usiotibika: nikikutana na chupa ndogo yoyote lazima niipindue nitazame kitako. Kwa hiyo binti wa kaka yangu, anayesoma Cologne, Ujerumani, aliponipigia simu akasema, "Shangazi, huku kuna karakana wanapuliza vioo kama walivyopuliza Warumi, na mtu wa kawaida anafundishwa kwa siku moja," nilikubali kabla hajamaliza. Bei niliijua baadaye: euro 145 kwa kichwa, chakula cha mchana ujitegemee.

Jina la karakana silitaji. Nina ya kuwasifu na nina ya kuwalaumu, na moja ya hizo lawama tumeshaimaliza wenyewe kwa wenyewe. Nilitoka pale na kichupa cha mafuta, kikombe kilichopulizwa ndani ya kalibu, chupa ya mraba yenye mkono, pamoja na kidude changu mwenyewe ambacho nitakieleza na aibu yake huko mbele. Vyote ninavyo mwezi wa nne huu, na vyote nimevitumia. Sikuvinunua vikae kabatini.

Nianze na kichupa, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Urefu wake ni sentimita 11, na zaidi ya nusu ya hizo ni shingo. Chini kuna tumbo dogo kama kitunguu kilichokandamizwa. Rangi yake ni ya maji ya kina kifupi juu ya mchanga, kijani inayoelekea samawati, na hakuna aliyetia rangi: mchanga huwa na chuma kidogo, na chuma ndicho kinachotoa kijani hicho. Warumi walijua kuifuta kwa kutia antimoni au manganizi, wakapata kioo cheupe kama maji, lakini vyombo vingi vya matumizi ya kila siku viliachwa na ukijani wake. Kwenye mizani yangu ya kupimia dawa kina gramu 21.

Kishike mbele ya dirisha uone viputo vya hewa. Vya tumboni ni duara. Vya shingoni vimevutwa vikawa virefu kama punje za mchele, vimelala mshazari, vyote upande mmoja. Hapo unamwona fundi mwenyewe akizungusha bomba huku shingo ikirefuka. Kitakoni kuna kovu la ukubwa wa punje ya dengu, lenye makali kidogo. Ni pale ilipogandishwa fimbo ya pili ya chuma ili kushikilia chombo wakati mdomo unamaliziwa. Mafundi wengine hulisaga kovu hilo hadi liwe laini. Hawa wameliacha, na nawashukuru, ingawa limenikwaruzia meza.

Ndani ya boksi kulikuwa na kadi yenye kichwa "Chupa ya machozi". Inasema wajane wa Kirumi walilia ndani ya vichupa hivi, kisha wakavizika pamoja na waume zao. Hapo nilitoa kalamu nyekundu. Ni hekaya ya wakusanyaji wa vitu vya kale, waliotunga maelezo hayo karne nyingi baadaye kwa kuwa vichupa hivi hupatikana kwa wingi makaburini. Mabaki yaliyopimwa maabara yanasema mafuta na manukato. Maiti zilipakwa, vichupa vikaachwa humo humo. Na hata bila maabara, hebu mtu ajaribu kulengesha chozi kwenye tundu la milimita nane huku akilia. Karakana inayojua kukunja mdomo wa chupa vizuri namna hii haina sababu ya kuuza kwa uongo.

Mdomo wenyewe ndio ulioniteka. Umekunjwa kwa nje, kisha ukarudishwa ndani na kubonyezwa, ukawa kama sahani ndogo juu ya shingo. Nilikijaza mafuta ya lozi nikakiinamisha taratibu juu ya kiganja. Likatoka tone. Yakasita. Likatoka jingine. Shingo nyembamba hailazimishwi: hewa inayoingia na mafuta yanayotoka yanapita mlango mmoja, kwa hiyo yanapishana. Tone lililobaki mdomoni halikuteleza nje ya chupa, lilikaa kwenye ile sahani nikalifuta kwa kidole nikajipaka mkononi. Nina vitoneshi vya plastiki dukani ambavyo haviwezi kazi hiyo. Aliyebuni umbo hili alikuwa anauza kitu cha bei, na hakutaka mteja amwage.

Kasoro? Nilinunua viwili, nikavipima kwa bomba la sindano. Kimoja kinachukua mililita 11, cha pili 13 na nusu. Kwa macho ni mapacha. Kwenye kazi yangu tofauti hiyo ingenipeleka mbele ya baraza. Kwenye kazi ya kupuliza kwa mdomo ni kawaida, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko kwenye kizibo: wametia kipande cha koki kilichokatwa kwa mashine, kipimo kimoja kwa vyote, na kwenye kichupa changu cha pili kinacheza kama jino bovu. Mafuta yalivuja ndani ya mkoba siku ya kwanza. Nikaziba kwa nta, na tangu hapo hayajatoka.

Nta ilinikumbusha chupa ya Speyer, kusini kidogo ya huko huko Ujerumani. Ilitolewa kwenye kaburi la Kirumi mwaka 1867, imo katika makumbusho ya mji huo, na ndani yake bado kuna mvinyo wa karne ya 4, wa majimaji kabisa. Juu ya mvinyo walimwaga mafuta mengi ya zeituni, mdomo wakauziba kwa nta. Ni miaka kama 1,700. Karakana ingekunja ile koki yake ikaitupa, ikaweka kipande cha nta kwenye boksi, gharama isingefika senti 20.

Sasa euro 28. Kuna watu watakaosema ni ghali kwa kichupa kitupu, na wengine watasema ni rahisi kwa "anasa ya makaisari", maana ndivyo tovuti ya karakana inavyokiita. Wote wamekosea. Strabo, mwanajiografia Mgiriki aliyeandika zama za makaisari Augustus na Tiberius, anasema kwamba mjini Roma uliweza kununua kikombe cha kioo kwa sarafu ya shaba. Mwaka 301 kaisari Diocletian alipotoa amri ya bei kikomo, kioo kiliuzwa kwa uzito: vikombe na vyombo vya kawaida vya kioo cha Yudea, kile cha ukijani, dinari 20 kwa ratili moja. Ratili ya Kirumi ni gramu kama 327. Nikagawanya kwa 21 za kichupa changu nikapata vichupa 15. Amri hiyo hiyo inampa kibarua wa shamba dinari 25 kwa siku, na chakula juu. Yaani kwa ujira wa siku moja mtu angebeba vichupa 15 kama hiki na chenji ingebaki.

Hicho ndicho ninachotaka kila anayefikiria kununua akielewe. Kilichofanywa na pumzi kwenye kioo ni kukishusha bei. Kabla ya hapo chombo cha kioo kilitengenezwa kwa kuzungushia kioo laini kwenye kiini cha udongo na samadi, au kwa kulegeza bamba la kioo juu ya umbo, halafu kusaga na kung'arisha, kazi ya mikono mingi na saa nyingi. Pumzi ikaileta kwenye dakika. Kwa hiyo ukinunua nakala, iamue kama unavyoamua chombo cha nyumbani: inamimina vizuri? inakaa wima? inashikika? Habari za makaisari waachie wenyewe.

Na hizo dakika nilizishuhudia. Somo lilianza saa tatu asubuhi, watu sita, fundi mmoja mwenye nyusi zilizoungua. Binti wa kaka yangu alinitafsiria. Lawama yangu kubwa iko hapa. Tangazo linasema "tanuri la Kirumi". Tulichokikuta ni tanuri la gesi lenye kioo cha kuonyesha joto, limesimama kwenye nyuzi 1,120. Lile la Kirumi lipo kweli, la udongo, zuri, limejengwa uani, lakini huwashwa mara moja kwa mwaka kwa sababu linakula kuni siku na usiku, na siku hiyo lilikuwa limelala limefunikwa turubai. Sikatai sababu. Nakataa kuambiwa nikiwa nimeshalipa.

Nilikuwa na lawama ya pili nikaimeza. Kioo tulichotumia kilifika kimeshatengenezwa, punje punje ndani ya gunia. Nikamnong'oneza binti wa kaka yangu, "Kumbe hata kioo wananunua." Fundi akaomba atafsiriwe, akacheka, akatoa kwenye rafu bonge la kioo kibichi cha kijani, ukubwa wa ngumi, lenye kingo kama za jiwe lililopasuliwa. Akasema mafundi wa Cologne ya Kirumi nao walinunua. Na ni kweli. Kuyeyusha mchanga kuwa kioo ilikuwa kazi ya watu wengine, mbali kabisa, katika pwani ya mashariki ya Mediterania na Misri. Huko ndiko kulikokuwa na mchanga uliosifiwa na Pliny, mwandishi wa Kirumi, wa mdomo wa mto Belus karibu na Akko, katika Israel ya leo, na ndiko yalikoletwa magadi ya Wadi Natrun, bonde la Misri. Mchanga peke yake unataka joto ambalo tanuri la kuni halilifikii. Magadi yanaushusha hadi uyeyuke mapema. Tatizo ni kwamba mchanganyiko wa mchanga na magadi pekee huyeyuka hata kwenye maji. Ule mchanga wa Belus una vipande vya kombe za baharini, kombe zina chokaa, na chokaa ndiyo inayokifanya kioo kivumilie maji. Mimi niliyesoma kemia nikacheka peke yangu. Walipata kanuni ya dawa ikiwa imeshachanganywa ufukweni.

Kioo hicho kiliyeyushwa kwa mabonge makubwa, kikavunjwa, kikapakiwa melini. Moja ya meli hizo ilizama karibu na visiwa vya Embiez, kusini mwa Ufaransa, mnamo mwaka 200, na tani zaidi ya 15 za kioo kibichi. Meli nyingine, iliyopatikana baharini nje ya Grado kaskazini mwa Italia, ilikuwa na pipa lililojaa vigae vya vyombo vilivyovunjika vikienda kuyeyushwa upya. Hata mshairi Martial anamtaja mchuuzi wa mitaani Roma aliyebadilishana kibiriti na vioo vilivyovunjika. Basi gunia la punje lilisamehewa. Gesi bado.

Kupuliza kwenyewe hakufanani na nilivyodhani. Nilidhani ni kazi ya mapafu. Fundi alikaa kwenye kigoda kifupi, hakutumia benchi lile kubwa lenye mikono miwili ambalo mafundi wa leo huviringishia bomba, akasema hilo ni la karne za baadaye. Kuna taa ya udongo ya karne ya 1 iliyopatikana Asseria, Kroatia, yenye picha ya watu wawili kwenye tanuri, na mmoja wao anapuliza. Tanuri lenyewe linaonekana dogo, la urefu wa mtu aliyekaa. Fundi alitubandikia picha ya taa hiyo ukutani, na tulipomtazama na tulipoitazama hatukuona tofauti isipokuwa suruali.

Anaingiza ncha ya bomba, anazungusha, anatoa donge jekundu la ukubwa wa ndimu. Haliachi kutaka kumwagika. Ukisimamisha mkono kwa pumzi moja tu linaning'inia upande mmoja, na ukilizungusha linarudi. Analiviringisha kwenye kibao cha marumaru hadi liwe refu, na ngozi yake ya nje ipoe kidogo. Kisha anapuliza, na ni pumzi ya mtu anayepuliza vumbi kwenye miwani, akaziba tundu la bomba kwa kidole gumba. Hewa iliyofungiwa humo inapata moto, inatanuka yenyewe, na kiputo kinatokea ndani ya donge kana kwamba hakuna aliyefanya kitu. Anarudisha motoni, anapuliza tena, anaacha bomba lielekee chini ili uzito uvute shingo. Koleo linabana pale shingo inapoanzia, bomba linazungushwa, shingo inakuwa nyembamba. Kitako kinabonyezwa kwenye marumaru. Ile fimbo ya pili inagusishwa kitakoni ikiwa na tone la kioo cha moto, inashika. Ukingo wa chuma chenye maji unagusa shingo, bomba linagongwa kidogo, tik, chombo kimehamia fimboni. Mdomo motoni, unakunjwa nje, unakunjwa ndani, unabonyezwa. Nilitazama saa: dakika mbili na sekunde kumi.

Mimi nilijaribu mara saba. La kwanza nilichelewa, likapoa, nikapuliza hadi masikio yakavuma na hakuna kilichotokea. La pili nililipuliza likiwa moto mno, likafura ghafla likawa jembamba kuliko ganda la kitunguu, likapasuka bila sauti, vipande vikaelea hewani kama majivu. Hivyo vipande nimevihifadhi kwenye bahasha. La tatu lilianguka sakafuni kwa sababu niliacha kuzungusha ili nijifute jasho. La nne na la tano tusiyazungumze. La sita lilikuwa zuri, nikalivunja mwenyewe shingoni kwa kugonga bomba kama mtu anayepigilia msumari.

Katikati ya kushindwa huko fundi alituonyesha picha za vitu vilivyochimbwa Jerusalem, kwenye kifusi cha karakana ya karne ya 1 kabla ya Kristo. Ni mirija ya kioo, imebanwa ncha moja na kupulizwa upande wa pili, ikavimba kidogo. Hawakuwa na bomba la chuma bado. Kioo chenyewe ndicho kilichokuwa bomba. Ndio ushahidi wa zamani zaidi tulionao wa mtu kutia pumzi ndani ya kioo, na vyenyewe ni vidude vibovu vibovu, vimepinda, vingine vimetoboka. Sikuwahi kujisikia nafuu kiasi kile mbele ya vitu vya makumbusho. Mimi na wao tulikuwa darasa moja.

Jaribio la saba ninalo. Gramu 64, limeinama kushoto, na linachukua mililita 4.

Kikombe cha kalibu (euro 64) sikishauri. Ni nakala ya kazi ya Ennion, fundi anayehusishwa na Sidon ya karne ya 1, ambaye alifanya kitu ambacho wapulizaji wachache wa wakati wake walifanya: aliandika jina lake kwa Kigiriki kwenye chombo. Vyombo vyake vimepatikana kuanzia mashariki ya Mediterania hadi kaskazini mwa Italia, na mwaka 2014 makumbusho ya Metropolitan ya New York yalimfungulia maonyesho yake peke yake, jambo ambalo wengi wa mafundi wa zama zile hawawezi kuliota. Kwenye baadhi ya vikombe, mkabala na jina lake, kuna maneno mengine: akumbukwe anunuaye. Niliposomewa hayo nilitoa pochi papo hapo. Miaka 22 nauza, na sijawahi kumwombea mteja kwa maandishi.

Nyumbani nikakitazama kwa utulivu. Kalibu ya namna hii ina vipande kadhaa vinavyofungwa pamoja, donge la kioo linapulizwa ndani, kioo kinajaza michoro, kalibu inafunguliwa. Pale vipande vinapokutana hubaki mshono. Ufundi wa Ennion ni kwamba mishono yake imefichwa ndani ya mapambo, unaitafuta kwa taabu kati ya majani na mistari. Kwenye nakala yangu mshono unapita katikati ya herufi, mnene kama kovu la upasuaji, ukakata neno la mnunuzi vipande viwili. Kwa hiyo nakumbukwa nusu. Ukuta wa kikombe nao ni mnene milimita tatu na zaidi. Ukinywea unahisi umeweka mdomo kwenye ukingo wa bakuli la udongo. Kalibu yao imechoka, au haikuwahi kuwa nzuri. Kwa bei hiyo hiyo ningechukua vichupa viwili na nauli.

Chupa ya mraba ndiyo iliyotuletea mzozo. Ni umbo la kawaida mno katika ulimwengu wa Kirumi, kuta nne bapa, shingo fupi, mkono mmoja mpana wenye mistari kama ya shina la figili. Mraba una maana yake: chupa za duara ukizipanga kwenye kasha zinaacha mapengo, hizi zinakaa bega kwa bega. Ililetwa na posta, imefungwa vizuri, euro 85. Nikaiweka rafuni na maji ndani. Siku ya kumi na mbili, usiku, nikasikia sauti kama ya kucha inayokatwa. Asubuhi mkono ulikuwa na ufa kutoka begani hadi kwenye kona, na hakuna aliyeugusa.

Kilichotokea nakijua, maana fundi mwenyewe alitufundisha. Kioo kinapopoa haraka, ngozi yake inaganda wakati ndani bado kuna moto, na ule mvutano unabaki umefungiwa humo kama hasira. Dawa yake ni kukipoza polepole kwenye tanuri la pembeni, nyuzi mia tano na kitu, kisha kushusha saa baada ya saa. Mkono ni mnene kuliko ukuta, na unabandikwa mwisho, kwa hiyo unahitaji muda mrefu kuliko mwili wa chupa. Huu ulitolewa mapema. Nikawaandikia na picha mbili. Kimya siku tisa. Nikaandika tena, safari hii binti wa kaka yangu akaandika kwa Kijerumani chenye meno. Siku iliyofuata waliomba radhi, wakatuma nyingine bila kudai ile ya kwanza wala gharama ya posta. Hii ya pili nimeifanyia ukatili: maji ya friji, maji ya uvuguvugu, jua la dirishani. Imetulia. Mahali mkono unapogusa bega kuna alama ya chombo kilichobonyeza, mibonyezo mitano, wa tano umeteleza kidogo. Nafikiri fundi aliitwa na mtu.

Neno moja juu ya rafu iliyo karibu na mlango wa duka lao, ile inayong'aa rangi za mafuta yaliyomwagika kwenye maji. Watalii wanaikimbilia. Mng'ao huo kwenye vioo vya kale ni kazi ya udongo: maji ya ardhini hunyonya sodiamu kutoka usoni mwa kioo karne kwa karne, yakabaki matabaka membamba yanayovunja mwanga. Ni uchakavu. Kikombe cha Kirumi siku kilipotoka tanurini hakikuwa hivyo, na aliyekinunua angekirudisha kama kingekuwa hivyo. Hapo dukani wanapulizia mvuke wa chumvi ya bati ili kupata mng'ao papo hapo, kisha wanaongeza euro 15. Nilikuna kimoja kwa ukucha nikaomba kisichopuliziwa. Muuzaji alishangaa, akaenda kukitafuta stoo.

Kabla ya kuondoka Cologne nenda makumbusho ya Römisch-Germanisches uone kazi za mafundi waliokaa mji huo huo, ulipoitwa Colonia Claudia Ara Agrippinensium. Kuna vyombo vilivyozungushiwa nyuzi za kioo za rangi zinazojipinda kama nyoka, na kuna kikombe kilichofukuliwa Braunsfeld, mtaa wa mji huo, mwaka 1960, chenye wavu wa kioo kukizunguka na maandishi ya Kigiriki: kunywa, uishi vyema daima. Wavu ule haukubandikwa. Ulichongwa kutoka kwenye kikombe kinene hadi ukabaki umeshikiliwa na vijiti vyembamba vya kioo, na hiyo kweli ni anasa. Sina la kukihukumu. Nilisimama pale hadi mlinzi akakohoa.

Kwa atakayekwenda karakanani: somo nalipatia alama nzuri, mradi uulize kwanza lile tanuri la kuni huwashwa lini. Vaa pamba, si nailoni, na viatu vilivyofunika vidole. Mimi nilikwenda na sandali nikaazimwa buti za mume wa mtu, saizi 45. Nunua kichupa. Chupa ya mraba nunua ukiwa pale pale, na uulize ilipozwa kwa saa ngapi. Kile kidude changu cha gramu 64 kimepata kazi dukani, juu ya karatasi za madaktari, karibu na feni.